Kitabu Ambacho Hakijafika Kombani

Ukishuka feri Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, utapita Ng'ombeni, utapita Waa, kisha utafika Kombani, mahali barabara inapogawana. Ya mkono wa kulia inapanda Kwale mjini. Iliyonyooka inateremka Tiwi, ikakufikisha Ukunda na Diani. Matuga yote, eneo letu, hupita hapa siku moja au nyingine: wanafunzi wa Waa, mama wa mboga, watumishi wa kaunti, watu waendao kortini. Pembeni mwa stendi huwa kuna mtu aliyetandaza magazeti juu ya gunia. Kando ya magazeti ameweka Juzuu Amma, vitabu vya dua, kamusi ndogo, vitabu vya marudio ya mitihani, na riwaya moja mbili zilizowahi kutahiniwa, kurasa zake zimekunjika ncha.

Hiyo ndiyo maktaba ya watu wengi wa kwetu. Nimeipitia kwa macho mara nyingi, na safari ya mwisho niliipitia nikitafuta kitu mahususi: maandishi yoyote ya Kiswahili, hata kijitabu cha kurasa kumi, kuhusu jambo lililotokea mwendo wa matatu moja kutoka pale, likapanda hadi Mahakama ya Rufani na kuweka msimamo wa sheria kwa Kenya nzima. Sikupata. Nilijua sitapata, lakini niliondoka na uchungu ambao sikuutarajia.

Jambo lenyewe ni hili. Februari 2015, picha za faragha zilianza kuzunguka kwenye simu za watu Ukunda. Kila aliyezipokea alimrushia mwenziwe. Hasira zikapanda. Polisi wakawakamata wanaume wawili Diani, wakashtakiwa kwa kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile tulichoachiwa na Mwingereza, kinachoweza kumfunga mtu miaka 14 kwa mapenzi ya jinsia moja. Wakiwa bado mikononi mwa polisi walivushwa hadi hospitali kuu ya Mombasa. Huko walipimwa sehemu za siri ili mwili wao utoe ushahidi dhidi yao wenyewe, wakatolewa damu pia, ikapimwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Walisema hawakuridhia. Mahakama Kuu ya Mombasa, Juni 2016, iliwaambia kwamba waliridhia na kwamba sheria haikuvunjwa. Wakakata rufaa, wakisaidiwa na mawakili wa NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Septemba 2017, huku rufaa ikiwa bado inangojewa, Chama cha Madaktari cha Kenya kikatoa tamko la kulaani vipimo vya namna hiyo. Tarehe 22 Machi 2018 majaji wa Mahakama ya Rufani waliokaa Mombasa wakatengua hukumu ya kwanza: vipimo vile vilivunja haki na heshima ya watu wale, na kilichopatikana kwavyo hakifai kuwa ushahidi.

Katika kumbukumbu za mahakama kesi hiyo inaanza kwa herufi za majina ya walalamikaji na kumalizikia kwa Hakimu Mkuu wa Mahakama ya Ukunda. Herufi tu, na ni vyema majina yao yamesitiriwa. Wanafunzi wa sheria wanaisoma Nairobi. Ulizia Kombani, Ng'ombeni au Golini: utaambiwa kuhusu picha. Ni nadra kumpata anayejua habari ya hukumu.

Kwa nini nusu ya kisa ilifika na nusu haikufika? Nimelizungusha swali hili kichwani muda mrefu, na kila ninapolirudia linanipeleka kwa mtu mmoja ambaye hatumtaji sana tunapozungumzia haki: mchapishaji.

Lugha yetu ina neno linalobeba mambo mawili. Kuchapa ni kupiga chapa, na kuchapa ni kupiga kwa fimbo. Mtoto wa Matuga hulijua la pili kabla ya la kwanza. Watu wanaopenda wa jinsia yao hapa pwani wamechapwa sana. Kuchapishwa, bado.

Uvumi nao ni uchapishaji, tena wa haraka. Hauna mhariri, hauna anwani, hauna ukurasa wa masahihisho. Februari 2010, Mtwapa, neno lilienea kwamba wanaume wawili wangefunga harusi. Tarehe 12 mwezi huo umati ulikizingira kituo cha afya cha taasisi ya utafiti ya KEMRI, mahali watu walipokuwa wakienda kutafuta ushauri na dawa. Miaka mitano baadaye picha za Ukunda zikafuata njia ile ile. Aliyeanzisha hakuweka jina lake popote. Mchapishaji wa kweli huliweka. Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, inamtaka mpiga chapa aandike jina na anwani yake juu ya anachokitoa. Sheria hiyo iliwekwa ili serikali ijue pa kubisha hodi, lakini humo humo mna heshima ya kazi yenyewe: nimelitoa mimi, napatikana hapa, mwenye la kusema na aje.

Kazi hiyo ina historia pwani, nayo haikuanza na suala la mapenzi. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi. Akafungwa miaka mitatu. Gerezani alinyimwa karatasi, akayaandika mashairi yake juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri. Mwaka 1973 Oxford University Press ikayatoa kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Tunamsifu mshairi, na anastahili. Lakini ilibidi pia awepo mtu ofisini, mwenye kazi ya kupoteza, aseme: haya tutayatoa, kwa Kiswahili chake cha Kimvita, bila kuyapaka rangi.

Mwingine alikuwa Henry Chakava, aliyeiongoza Heinemann ya Nairobi, ambayo baadaye ikawa East African Educational Publishers. Mwaka 1980 alitoa riwaya ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-Inĩ, wakati mwandishi mwenyewe alikuwa ametoka kizuizini na jina lake ni moto. Chakava alitishwa, akavamiwa na kujeruhiwa kidole. Kitabu kikatoka, na mwaka 1982 kikatoka tena kwa Kiswahili, Shetani Msalabani, ili kisomwe na Mkenya asiyejua Kikuyu wala Kiingereza. Alipofariki Machi 2024 wengi walimwita baba wa uchapishaji wa Afrika Mashariki. Mimi nakikumbuka zaidi kidole kile, na ile hatua ya pili, ya kukipeleka kitabu cha hatari kwenye lugha ya watu wengi.

Hatua hiyo ya pili ndiyo inayokosekana katika habari ninayoiandika.

Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru tarehe 18 Januari 1971. Mwaka 2002 alishinda tuzo ya Caine ya hadithi fupi, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? mjini Nairobi. Watu wa rika langu tuliokuwa tukinunua nakala zake tunakumbuka tulivyoshtuka. Humo mlikuwa na Sheng, mlikuwa na maneno ya wanamuziki wa mitaani, mlikuwa na habari za watu ambao vitabu vya shule viliwaruka. Alikuwa mwandishi mkubwa, ila hapa nataka aonekane kama mchapishaji: mtu aliyetumia miaka akifungua mlango ili sauti za wengine zipite.

Kisha, siku alipotimiza miaka 43, tarehe 18 Januari 2014, akaipitisha ya kwake. Alitoa insha fupi aliyoielekeza kwa mama yake, aliyefariki mwaka 2000, akimweleza kile ambacho hakuwahi kumwambia akiwa hai, kwamba yeye ni shoga. Ilitoka kwa wakati mmoja katika jarida la Chimurenga la Cape Town na katika jukwaa la mtandaoni la Africa is a Country. Sheria kali ilikuwa imetiwa saini Nigeria mwezi huo huo, na Uganda ilikuwa njiani. Mtu mwenye jina lake angeweza kunyamaza na kuishi kwa raha. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa ndani ya matatu, na ilinibidi nishuke kabla ya kituo changu. Tulikuwa tumezoea kusikia habari hizi zikisemwa na mhubiri, na askari, na mtangazaji wa redio. Hii ilisemwa na mtoto kwa mama yake. Hakuna jambo lililo karibu zaidi na moyo wa mtu wa pwani kuliko mtoto anayeomba radhi ya mamake.

Binyavanga alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye, tarehe 24, Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu cha 162 kinabaki kama kilivyo. Hakuisikia hukumu hiyo.

Insha yake ilizunguka dunia nzima. Lakini niliisoma kwa Kiingereza, na kila niliyejadiliana naye aliisoma kwa Kiingereza. Vivyo hivyo mkusanyiko wa Kevin Mwachiro, mwanahabari aliyezunguka Kenya akirekodi maisha ya mashoga na wasagaji na kuyatoa kitabuni kwa msaada wa Taasisi ya Goethe ya Nairobi. Vivyo hivyo kitabu cha kundi la The Nest, kilichotokana na sauti za watu waliohojiwa sehemu mbalimbali za nchi. Ni kazi za kishujaa, nami nazishukuru. Nyingi kati ya sauti hizo, naamini, zilianza kwa Kiswahili au kwa Sheng, zikatiwa Kiingereza ili ziingie kitabuni. Aliyezisema alizungumza lugha ya nyumbani, ila nyumbani hazikurudi.

The Nest walijaribu njia nyingine pia. Kutokana na mahojiano hayo walitengeneza filamu, Stories of Our Lives, iliyoonyeshwa Toronto Septemba 2014, majina ya walioitengeneza yakiwa yamefichwa mwanzoni kwa ajili ya usalama. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ikaikatalia, ikisema inaendeleza ushoga kinyume cha maadili ya taifa. Mwezi wa Oktoba mtayarishaji wake, George Gachara, alikamatwa na kushtakiwa kwa kukiuka Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani. Mashtaka yaliondolewa baadaye. Filamu ikashinda tuzo Berlin mwaka 2015. Kenya haikuruhusiwa kuiona.

Halafu ikaja filamu ya Rafiki. Safari ya kisa hiki inafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Monica Arac de Nyeko, mwandishi wa Uganda, aliandika hadithi fupi ya wasichana wawili wanaopendana katika mtaa wa Kampala. Ilitoka mwaka 2006 katika mkusanyiko wa hadithi za mapenzi uliohaririwa na Ama Ata Aidoo wa Ghana, na aliyeuchapisha alikuwa Mghana pia, Nana Ayebia Clarke, mwenye nyumba yake ya uchapishaji Uingereza. Mwaka 2007 hadithi hiyo ilishinda tuzo ya Caine. Wanuri Kahiu wa Nairobi akaichukua, akaihamishia mitaa ya Nairobi, akaipa jina la Kiswahili ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Aprili 2018 bodi ikaipiga marufuku, siku chache kabla haijaonyeshwa Cannes, tamasha ambalo halikuwahi kuionyesha filamu ya Kenya kabla yake. Mwanzoni bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa kuwa mwisho ule ulikuwa na matumaini. Naomba msomaji atue hapo kidogo. Waliokuwa wakikagua wangeweza kuvumilia wasichana wawili wapendane, ilimradi hadithi imalizike kwa majuto. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, watu wakapanga foleni Nairobi. Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaitupa kesi ya Kahiu.

Mganda ameandika, Mghana amehariri, Mghana mwingine amechapisha akiwa Uingereza, Mkenya ametengeneza filamu. Katika mnyororo huo wote hapana hata mchapishaji mmoja wa Kiswahili. Na hapa sina budi kusema jambo ambalo wenzangu wa tasnia hawapendi lisemwe: hakuna bodi iliyotuzuia. Filamu inahitaji kibali. Kitabu hakihitaji. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kutoa na kupokea mawazo, na mswada wa kitabu hauanzii mezani kwa mkaguzi. Kipo kifungu cha Kanuni ya Adhabu, cha 181, kinachoadhibu maandishi machafu, na mwoga anaweza kukitaja. Ila simulizi ya mwana na mamake haina uchafu wowote.

Kinachotuzuia ni soko, na woga uliojificha ndani ya soko. Nyumba za uchapishaji za Kenya zinaishi kwa vitabu vya shule. Kitabu kikipata idhini ya Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, kampuni imepona. Riwaya ya Kiswahili ikiteuliwa kutahiniwa, mwandishi anajenga nyumba. Zaidi ya hapo, mwaka 2013 vitabu viliwekewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na mnunuzi wa kawaida wa Matuga hanunui kitabu ambacho mwanawe hataulizwa darasani. Kwa hiyo mhariri anaposoma mswada wa Kiswahili, kichwani mwake ameketi mwalimu mkuu, ameketi mzazi, ameketi imamu, ameketi mchungaji. Anaondoa sura moja kabla hajaombwa, halafu nyingine. Mwandishi naye, mswada wa pili, haiandiki kabisa sura hiyo. Mimi nimeketi katika viti vyote viwili. Niliwahi kukata aya tatu katika kazi ya mwenzangu, aya za kijana aliyefukuzwa nyumbani kwao, nikamwambia ni kwa sababu ya urefu. Haikuwa urefu. Yeye alijua, mimi nilijua, na tangu siku ile hakuniletea tena kazi yake. Udhibiti wa namna hii hauna amri ya kuikatia rufaa. Hauna tarehe. Hauna hata karatasi.

Uganda imetuonyesha mchapishaji anaweza kuwa nini, kwa ubaya na kwa wema, ndani ya mji mmoja. Oktoba 2010 gazeti dogo la Kampala lililojiita Rolling Stone lilitoa majina na picha za watu liliowaita mashoga, likahimiza wanyongwe. Watatu kati yao, Kasha Jacqueline Nabagesera, David Kato na Pepe Onziema, wakalipeleka kortini. Jaji Kibuuka Musoke akaamua kwamba kuwaanika vile kulivunja haki yao ya faragha na utu wao, akaliamuru gazeti liwalipe shilingi milioni moja na nusu kila mmoja.  Wiki chache baada ya hukumu, tarehe 26 Januari 2011, David Kato aliuawa nyumbani kwake.

Kasha angeweza kuondoka nchini. Alichofanya, Desemba 2014, ni kuanzisha jarida. Aliliita Bombastic, akalijaza simulizi za watu wenyewe, kwa maneno yao, wengine kwa majina yao na wengine kwa majina ya kubuni. Halikuuzwa, liligawiwa bure na watu waliojitolea, mkono kwa mkono, mtaa kwa mtaa, miji na vijiji. Viongozi serikalini wakatisha kuwakamata wahusika, na nakala nyingine zikachomwa moto. Hesabu ya biashara haiwezi kueleza kazi kama hiyo. Mtu aliyechapishwa kwa nguvu na adui yake aliamua kujichapisha mwenyewe, na akampelekea hata yule aliyekuwa akitamani anyongwe.

Mambo haya hayakuanzia Afrika. Los Angeles, mwaka 1953, watu wachache walianzisha jarida dogo lililoitwa ONE, la kuzungumzia maisha ya mashoga bila kuyatukana. Toleo la Oktoba 1954 likashikwa na mkuu wa posta wa mji, akasema ni uchafu usiostahili kusafirishwa. Wenye jarida walikuwa hawana pesa wala mwanasiasa wa kuwasemea. Walikuwa na wakili kijana, Eric Julber, aliyewapigania kutoka ngazi hadi ngazi. Walishindwa mara mbili. Tarehe 13 Januari 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani, bila hata kusikiliza hoja, ikatoa uamuzi wa mstari mmoja kuwapa ushindi. Mapenzi yao yalikuwa bado jinai katika kila jimbo la Marekani. Walipata kwanza haki ya kuandikiana. Hizo nyingine zilichukua miongo.

Kenya imepita njia inayofanana nayo. NGLHRC ilinyimwa usajili kwa sababu ya jina lake. Eric Gitari, aliyekuwa ameomba usajili huo, akaenda kortini. Alishinda Mahakama Kuu Aprili 2015, akashinda Rufani Machi 2019, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba watu hawa wana haki ya kujumuika na kujisajili. Kifungu cha 162 kingalipo. Lakini wameruhusiwa kuwa na jina, na mwenye jina anaweza kuandika barua na kuweka sahihi.

Uamuzi huo uliwaudhi wengi. Mombasa, mwaka ule ule, Waislamu waliandamana kuupinga, na baadhi ya waandamanaji ni jamaa zangu ninaowaheshimu. Matuga ni nchi ya misikiti; adhana ya Ng'ombeni inapokezana na ya Waa. Sitaki mtu yeyote aambiwe kwamba imani yake ni ujinga, wala sidhani mchapishaji ana kazi ya kuibadilisha. Waandamanaji wale walitumia Katiba hiyo hiyo, kurasa hizo hizo za haki: kusema, kukusanyika, kuandamana. Sheikh ana mimbari, ana kipaza sauti, ana vijitabu pale Kombani, na ni haki yake. Ninalolililia ni kwamba upande mmoja una maandishi na upande wa pili una matusi tu.

Tazama msamiati wetu. Neno shoga, kwa bibi zetu wa pwani, lilikuwa neno la mahaba ya kirafiki baina ya wanawake: shoga yangu, njoo tule mahamri. Bado utalisikia likisemwa uani. Nje ya ua limekuwa jiwe la kumtupia mwanamume. Ukiliweka kando, yanayobaki ni msenge, basha, hanithi, msagaji, na hakuna hata moja ambalo mtu angependa mamake amwite kwalo. Kwa maandishi ya ofisini tunasema wapenzi wa jinsia moja, maneno yaliyonyooka na baridi, ya fomu ya kujaza. Lugha hupata maneno mazuri pale watu wenyewe wanapoandika, wakahaririwa, wakasomwa, wakajibiwa. PEMA Kenya, shirika lililoanzishwa Mombasa mwaka 2008, limejitahidi kukaa meza moja na maimamu na wachungaji kuzungumza juu ya mambo haya, na mwaka 2015 likishirikiana na Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya mashambulizi ya pwani, Ukunda ikiwemo. Vikao vile ni vya lugha yetu. Natamani yaliyosemwa humo yapate jalada, bei nafuu, na nafasi juu ya gunia lile la Kombani.

Jioni moja mwaka jana nilikuwa Tiwi, barazani kwa jirani, muuza kahawa amepita na dele lake na kashata. Nilikuwa nikiisoma hukumu ile ya 2018 kwenye simu. Mzee mmoja wa rika la babu yangu, aliyesomesha chuoni miaka mingi, akaniuliza ni nini kimeniinamisha kichwa hivyo.

"Ni kesi ya Ukunda, mzee."

"Ile ya picha?"

"Hiyo. Ila Mahakama ya Rufani ilisema mengine baadaye."

Wawili walionyoosha miguu wakaikunja. Mmoja akaaga, akasema anakwenda kufunga mbuzi. Mzee akaniashiria niendelee. Nikajaribu kutafsiri papo hapo, nikikwama kwenye maneno ya sheria: kwamba mtu aliye mikononi mwa polisi hawezi kusemwa ameridhia, kwamba mwili wa mtu haufunguliwi kwa nguvu kutafuta kosa, kwamba hospitali ni mahali pa tiba. Alisikiliza huku akizungusha kikombe kitupu kiganjani.

"Mimi jambo lao silikubali, mwanangu," akasema, "na sitalikubali." Akanyamaza kidogo. "Lakini hatukuambiwa kuwa walivuliwa nguo. Sisi tuliletewa picha tu. Hiyo hukumu iko wapi, niisome mwenyewe?"

Nikampa simu. Alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akaitazama skrini kwa muda. Akanirudishia.

"Hii ni Kizungu."

"Ndiyo, mzee."

"Haya, nisomee tena. Polepole."

Muuza kahawa akamjazia kikombe. Nikapandisha maandishi hadi juu, nikaanza upya.